Kuchagua Rangi ya Waridi Hafifu kwa Kuta za Ndani

Rangi ya waridi hafifu hupatikana kwa kutia kiasi kidogo cha rangi nyekundu katika nyeupe. Kwa kuwa wekundu wake ni mdogo, kila kilicho karibu huugeuza. Sakafu nyekundu ya saruji huukoleza. Mwembe ulio mbele ya dirisha huufifisha ukaelekea kijivu. Taa ya mwanga wa manjano huusogeza kwenye rangi ya embe bivu. Aidha, kuta zinazotazamana huakisiana, hivyo chumba kizima huonekana kimekolea kuliko kipande kilicho kwenye kadi ya dukani. Mnunuzi aliyependezwa na waridi fulani katika kadi atafanya vyema kuchukua iliyo hafifu zaidi kwa daraja moja.

Usinunue kopo kubwa kwa kutazama kadi pekee. Nunua kopo dogo, upake mikono miwili juu ya kadibodi nyeupe yenye upana wa nusu mita hivi, na ikikauka uisimamishe ukutani. Itazame asubuhi, alasiri, na usiku taa zikiwaka. Kisha uihamishie ukuta wa pili. Kupaka kiraka juu ya rangi ya zamani hakusaidii sana, kwani jicho hulinganisha hizo mbili: kando ya kijani, waridi iliyo hafifu kabisa huonekana kali.

Kabla ya kuagiza, pima. Chumba cha mita 4 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.7, kina kuta za mita za mraba 37.8. Ukitoa mlango na dirisha, hubaki kama 34. Kwa mikono miwili ni 68. Lita moja ya rangi ya maji hutosha takriban mita za mraba 10 za ukuta laini, basi lita 7 zinahitajika, yaani makopo mawili ya lita 4. Yanunue yote kwa pamoja. Rangi iliyochanganywa kwa agizo lako ni vigumu kuirudisha dukani, na kopo la baadaye, hata likiwa na namba ileile, laweza kutofautiana kidogo. Katika waridi hafifu tofauti hiyo huonekana katikati ya ukuta. Taka namba ya mchanganyiko iandikwe kwenye risiti, na makopo yote yamiminwe katika ndoo moja kabla ya kazi kuanza. Fundi anayeahidi kuchanganya kwa macho huenda akafaulu ndoo ya kwanza. Ya pili ndiyo itakayomfichua.

Lipu mpya ya saruji iachwe ikauke kwa muda wa wiki nne hivi, la sivyo rangi huweza kuchujuka au kubanduka.

La mwisho ni zito kuliko urembo. Baadhi ya rangi, hasa za mafuta, hutiwa madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira linapendekeza kikomo cha sehemu 90 kwa milioni. Soma maelezo ya kopo, na usinunue rangi isiyo na jina la mtengenezaji wala alama ya ubora. Iwapo ukuta una rangi ya zamani inayobanduka, usiikwangue ikiwa kavu: ilowanishe kwanza, watoto na wajawazito wakae mbali, na vumbi lipanguswe kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiwa.