Upinde wa mishale 20

Katika interna mabishano ni mingi: je, upinde unaweza kutupa mishale mingi sawa bunduki? Tuanze hapa kwetu.

Mwaka 1876 Stanley alifika Maniema, akakutana na Hamed bin Muhammed, ndiye Tippu Tip. Stanley akajisifu kwamba bunduki yake moja inatoa risasi 15. Tippu Tip, kama alivyoeleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, akamjibu: kule mto Rumami (ni Lomami yetu) kuko upinde wa mishale 20, yote inaruka pamoja, na kila mshale unaua mtu. Stanley akatoka inje, akapiga mara 12.

Mimi naona alikuwa anamchokoza mgeni. Tufanye hesabu. Tuseme upinde unaweka joule 60, na mshale ni gramu 25. Tukiacha nguvu inayopotea, mshale mmoja unakwenda karibu metre 69 kwa sekonde. Mkiweka 20 juu ya kamba moja, kila mmoja unapata joule 3 tu, na mwendo unashuka mpaka metre 15. Jiwe la mtoto linafika hapo!

Wachina walifanya namna ingine: mshale mmoja mmoja, lakini mbio. Upinde unafungwa juu ya mti kama kitako cha bunduki. Juu yake kuko kisanduku chenye mishale karibu 10, na leviye moja. Ukisukuma leviye mbele, kisanduku kinakwenda mbele, kamba inaanguka ndani ya pengo lake la nyuma. Ukivuta, kamba inarudi pamoja na kisanduku, upinde unapindika. Mwisho wa safari kijiti kidogo chini ya pengo kinagonga ule mti, kinainua kamba: mshale unatoka. Ukisukuma tena, mshale mwingine unashuka kwa uzito wake wenyewe. Hakuna resore hata moja! Wanautaja kwa jina la Zhuge Liang (181–234), ingawa ulikuwako mbele yake.

Lakini nguvu yote ni ya mkono wako kwa mvuto mmoja, kwa hiyo upinde lazima uwe mwepesi, na mshale mfupi, bila manyoya. Hauendi mbali. Katika bunduki ya Stanley mkono ulifanya kazi ya kupakia tu. Nguvu ya kutupa ilitoka katika baruti. Ndiyo tofauti yenyewe, na wanaosema ni kitu kimoja wasome tena sura ya energie.