Kitabu cha Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Masafa: Kiwe na Nini Ndani?

Anayesoma kwa njia ya huria na masafa akiwa Matema, Ipinda au Ngonga wilayani Kyela hana ubao wa matangazo wa kuupitia kila asubuhi, wala ofisi ya mlezi ya kupigia hodi. Jiji la Mbeya, kilipo kituo cha mkoa cha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, liko zaidi ya kilomita 100 kutoka Kyela mjini, kwa barabara inayopandia Tukuyu. Kwenda huko kuuliza swali moja kunakula nauli na siku nzima ya kazi. Ndiyo maana kitabu cha mwongozo kinapaswa kupimwa kwa swali hili: mwanafunzi akikwama usiku, atapata jibu humo bila kusafiri?

Elimu ya namna hii ina historia ndefu nchini. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliundwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1975, na Chuo Kikuu Huria kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992. Chuo kilianza kazi mwaka 1993, Makamu Mkuu wake wa kwanza akiwa Profesa Geoffrey Mmari. Wanafunzi wa masafa leo ni watu wa kila namna: mwalimu wa shule ya msingi anayetafuta shahada, mkulima wa mpunga, mama kijana aliyeacha sekondari na sasa anarudi. Kitabu kiandikwe kwa Kiswahili ambacho wote hao watakielewa, hata kama masomo yenyewe yanafundishwa kwa Kiingereza.

Uhalali wa chuo na kozi

Kurasa za mwanzo zieleze chuo kimesajiliwa na nani na kozi imeidhinishwa na nani. Vyuo vikuu viko chini ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Vyuo vya kati na vya ufundi viko chini ya Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET). Mwanafunzi aelekezwe namba ya usajili ilipo na namna ya kuihakiki mwenyewe. Zifuate sifa za kujiunga, muda wa chini na wa juu wa kumaliza, na utaratibu wa kuahirisha masomo.

Kalenda na saa

Kalenda ya mwaka mzima iwe kwenye ukurasa mmoja unaoweza kubandikwa ukutani: usajili, mwisho wa kutuma kazi, vipindi vya ana kwa ana, mitihani na matokeo. Anayeipanga aangalie pia kalenda ya shamba. Mwezi Aprili mvua za Kyela huwa kubwa, mito hufurika na baadhi ya njia hukatika. Baada yake huja mavuno ya mpunga. Kikao cha lazima kikiwekwa kipindi hicho, kitabu kionyeshe na siku ya kufidia.

Saa ziandikwe kwa namna isiyo na utata: "saa 3:00 asubuhi (09:00), saa za Tanzania". Hili lina uzito mkubwa Kasumulu, mpakani na Malawi, na vijiji vya kando ya Mto Songwe. Malawi iko nyuma yetu kwa saa moja, na simu ikinasa mtandao wa ng'ambo inaweza kubadilisha saa yenyewe. Mwanafunzi akiamini simu hiyo, atafika mtihani umeshaanza.

Ada na malipo

Gharama zote ziorodheshwe: ada, usajili, mitihani, kitambulisho, kurudia somo, kutoa cheti. Ielezwe hatua kwa hatua jinsi ya kupata Kumbukumbu Namba ya Malipo, kulipa kwa simu au benki, na kutunza risiti. Kama chuo kinapokea ada kwa awamu, tarehe zitajwe mapema ili mkulima ajipange kwa fedha za mpunga au za mnada wa kakao. Anayestahili kuomba mkopo aelekezwe Bodi ya Mikopo, na masharti yaandikwe bila kuzungukazunguka.

Kusoma na kutuma kazi

Hapa ndipo vitabu vingi hulegea. Sentensi kama "Mwanafunzi awasilishe kazi kwa wakati" haimsaidii mtu. Linganisha na hii:

"Kazi ya kwanza inapokelewa hadi Ijumaa saa 6:00 usiku (24:00). Mtandao au umeme ukikatika, piga picha ya kioo cha simu ikionyesha tarehe na saa, kisha itume pamoja na kazi yako kabla ya Jumamosi saa 6:00 mchana (12:00). Utapokea ujumbe wa kuthibitisha. Usipoupata ndani ya siku mbili, piga simu kituoni."

Katika maelezo hayo kuna siku na saa, hatua na njia ya kujitetea, na mwanafunzi anajua la kufanya hata kama hana wa kumuuliza. Kitabu kieleze pia namna ya kupakua masomo bando likiwepo na kuyasoma nje ya mtandao. Kuhusu udanganyifu, kionyeshe aya iliyonakiliwa na aya iliyoandikwa upya kwa kutaja chanzo, na kiseme wazi matumizi yapi ya akili mnemba yanaruhusiwa.

Mitihani

Kitajwe kituo cha mtihani, vitu vya kubeba, vitu vilivyokatazwa, na utaratibu kwa aliyeugua, aliyefiwa au aliyejifungua. Anayetoka Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, kwa mtumbwi anaweza kuzuiliwa na mawimbi. Aambiwe atoe taarifa kwa nani, ndani ya muda gani, na kwa ushahidi upi.

Msaada, haki na malalamiko

Kila huduma iwe na cheo cha mhusika, namba ya simu na siku za kazi. Njia ya kukata rufaa ya matokeo iwe na muda maalumu wa kujibiwa. Mwanafunzi mwenye ulemavu aelezwe jinsi ya kuomba maandishi makubwa au muda wa ziada. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamlinda. Chuo pia kitamke jinsi kinavyotunza taarifa za kila mwanafunzi, kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na anayenyanyaswa kingono, au kuombwa rushwa ili afaulu, apewe njia ya kuripoti isiyopita kwa yule anayemlalamikia.

Kabla ya kuchapa

Wapeni rasimu wanafunzi wachache walio mbali na kituo. Waulizeni: utalipaje? Ukikosa mtihani utafanyaje? Utalalamika wapi? Jibu lisilopatikana kwa dakika chache liandikwe upya. Jalada libebe mwaka wa toleo, na nakala ya simu iwe nyepesi kupakua.

Nawe unayejiandikisha, omba kitabu hiki kabla ya kulipa chochote. Soma kwanza kurasa za ada, mitihani na malalamiko. Chuo kisichoweza kukuandikia mambo hayo kabla hakijapokea fedha yako hakijawa tayari kukufundisha ukiwa mbali.