SOMO: WATURUKI WALIOKWENDA UJERUMANI NA VYAMA VYAO VYA USHIRIKA

Utangulizi

Mtu atokapo nchini mwake kwenda kufanya kazi katika nchi nyingine, safari hiyo moja hubadilisha nchi mbili. Nchi aliyoiacha hupungukiwa na nguvu za mikono yake, lakini hupokea fedha azitumazo. Nchi aliyoiendea hupata kazi yake, lakini hupaswa pia kumfikiria kwa nyumba, matibabu na shule ya watoto wake. Je, safari za namna hii huleta maendeleo, au huyachelewesha?

Swali hili halijibiwi kwa maneno ya jumla. Yafaa mfano mmoja utazamwe kwa makini, nao ni ule wa Uturuki na Ujerumani Magharibi tangu mwaka 1961. Mfano huu umechaguliwa kwa sababu maalumu: huko chama cha ushirika kilifanywa kuwa chombo cha safari yenyewe, na yaliyokipata yanamhusu kila katibu na kila mwanachama.

Chanzo cha safari

Baada ya Vita Kuu ya Pili, viwanda vya Ujerumani Magharibi vilipanuka upesi kuliko idadi ya watu wa kuvifanyia kazi. Serikali ya huko ikatia saini mikataba ya kupata wafanyakazi, kwanza na Italia mwaka 1955, kisha na Hispania na Ugiriki mwaka 1960. Mwezi Agosti 1961 ukuta ulijengwa mjini Berlin, na wafanyakazi waliokuwa wakitoka Ujerumani Mashariki wakazuiliwa. Tarehe 30 Oktoba mwaka huo huo ukafuata mkataba na Uturuki.

Wajerumani walifungua ofisi mjini Istanbul. Waombaji walipimwa afya na ustadi wao, na waliofaulu walipanda treni hadi Munich, ambako waligawanywa viwandani na migodini. Waliitwa "wafanyakazi wageni". Waswahili husema: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wajerumani walimpa mgeni jembe siku ya kwanza, wakitumaini kwamba baada ya muda atalirudisha na kwenda zake. Mkataba wa awali uliweka kikomo cha miaka miwili. Lakini wenye viwanda hawakupenda kufundisha watu wapya kila mara, na mwaka 1964 kikomo hicho kikaondolewa.

Matumaini ya Uturuki

Serikali ya Uturuki iliingiza jambo hili katika Mpango wake wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, 1963 hadi 1967. Ilitarajia mambo matatu: kupungua kwa watu wasio na kazi, kupatikana kwa fedha za kigeni, na kurudi kwa mafundi wenye ujuzi wa viwanda.

Tarajio la pili lilitimia kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1974 wafanyakazi walituma nyumbani karibu dola bilioni 1.4, wakati ambapo bidhaa zote zilizouzwa na Uturuki nchi za nje zilileta dola zipatazo bilioni 1.5. Lakini fedha hizo hazikuwa na msingi wa kutegemewa. Mwaka 1976 zilishuka chini ya dola bilioni 1, na kabla ya miaka ya 1970 kwisha nchi ilikuwa katika uhaba mkubwa wa fedha za kigeni.

Tarajio la tatu lilikuwa dhaifu zaidi. Wajerumani walipochagua watu, mara nyingi walichukua wale ambao tayari walikuwa mafundi, yaani watu ambao Uturuki yenyewe iliwahitaji. Aliyetoka kijijini aliwekwa kwenye mashine akarudia kitendo kimoja kutwa nzima, na ujuzi huo haukuwa na mahali pa kutumika kwao. Wengi waliorudi walijenga nyumba, wakanunua ardhi, trekta au teksi, au wakafungua duka. Hayo yaliwafaa wenyewe na jamaa zao, lakini hayakuleta viwanda vilivyotazamiwa.

Vyama vya ushirika vya vijiji

Serikali iliona mapema kwamba fedha zingeweza kuishia katika nyumba na maduka. Kwa hiyo, katika miaka ya 1960, iliweka utaratibu wa vyama vya ushirika vya maendeleo ya vijiji. Kijiji kilichoanzisha chama chenye mradi wa kilimo, mifugo au kiwanda kidogo kilipewa nafasi ya mbele katika orodha ya wasafiri. Wanachama waliosafiri waliahidi kulipa michango kutokana na mishahara yao, ili mradi ujengwe.

Katika karatasi, utaratibu huu ulikuwa mzuri. Lakini foleni ya kwenda Ujerumani ilikuwa ndefu mno, na hata mwaka 1973 waliokuwa wakingoja walizidi milioni moja. Watu wakatambua kwamba chama ni njia ya mkato. Vyama vikaandikishwa kwa wingi, na vingi kati yake havikuwa na nia nyingine ila kupata nafasi za safari. Mradi ulitajwa kwa sababu fomu ilidai mradi. Mwanachama aliyekwisha kufika Ujerumani alikuwa amekwisha kupata alichokitafuta, na wengi hawakuendelea kulipa. Waliobaki kijijini walikuwa na cheti cha chama, pengine na kiwanja au kuta zisizoezekwa, lakini hawakuwa na mtaji wala mtu wa kumdai.

Tarehe 23 Novemba 1973 Ujerumani Magharibi ilisimamisha uandikishaji wa wafanyakazi wa kigeni. Kwa amri hiyo moja, vyama vilivyoishi kwa tumaini la safari vilipoteza sababu ya kuwapo. Vile vichache vilivyokuwa na kazi halisi ya kuwaunganisha wanachama vilikuwa na jambo la kuendelea nalo.

Yaliyoipata Ujerumani

Ujerumani ilipata ilichokitaka: magari yaliundwa, makaa yakachimbwa, na viwanda havikusimama kwa kukosa watu. Lakini hesabu yake nayo ilikuwa na upungufu. Ilidhani kusimamisha uandikishaji kungepunguza wageni. Kumbe wafanyakazi wengi wa Kituruki waliona kwamba wakirudi kwao hawataruhusiwa kuingia tena, basi wakabaki na kuwaita wake, waume na watoto. Mwaka 1983 ilitungwa sheria ya kumpa mfanyakazi aliyekubali kurudi kwao marki 10,500, pamoja na marki 1,500 kwa kila mtoto. Wapo waliozipokea na kuondoka, lakini wengi walibaki.

Kwa kuwa hawakutazamiwa kukaa, shule hazikuandaliwa ipasavyo kwa watoto wao. Mtoto aliyezaliwa huko na wazazi wa Kituruki hakuwa raia kwa kuzaliwa, mpaka sheria mpya ilipoanza kutumika tarehe 1 Januari 2000. Hasara ya kuchelewa huko yaweza kupimwa kwa kutazama walichokifanya watoto waliopata nafasi. Uğur Şahin alizaliwa Uturuki mwaka 1965, akapelekwa Ujerumani akiwa mtoto mdogo kumfuata baba yake, mfanyakazi wa kiwanda cha magari cha Ford mjini Cologne. Yeye na mkewe Özlem Türeci, ambaye wazazi wake walitoka Uturuki, ni miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya BioNTech, ambayo mwaka 2020 ilitoa chanjo ya Uviko-19 pamoja na kampuni ya Pfizer ya Marekani. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mafunzo kwa vyama vya msingi

Leo wapo vijana wengi wa Afrika ya Mashariki wafanyao kazi Oman, Saudia, Qatar na kwingineko, na jamaa zao wengine ni wanachama wa vyama vya msingi. Kutokana na mfano wa Uturuki, yafaa mambo manne yazingatiwe.

Kwanza, chama kianzishwe kwa haja ya wanachama wanaobaki. Chama kilichoundwa ili kupata nafasi, ruzuku au upendeleo hufa mara kinachotafutwa kinapopatikana au kinapokoma.

Pili, ahadi ya mwanachama aliye mbali iandikwe kabla hajaondoka. Masharti ya chama yataje kiasi, siku ya kulipa, mtu wa jamaa atakayewakilisha, na hatua itakayochukuliwa malipo yakikoma. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, fungu la akiba litengwe kabla fedha hazijatumika. Tuseme jamaa 30 za wanachama hupokea fedha kutoka nje, na kila moja huweka akiba ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Kwa mwaka akiba hiyo ni shilingi 7,200,000. Hakuna jamaa itakayolala na njaa kwa sababu hiyo, na chama kitaweza kukopesha pembejeo kwa wakati.

Nne, mradi usitegemee fedha za ugenini peke yake. Mkataba wa kazi waweza kuvunjwa kwa siku moja na serikali ambayo mwanachama hana kura ndani yake. Bajeti ijengwe juu ya mazao na hisa za hapa nyumbani, na fedha za mbali ziwe nyongeza.

Hitimisho

Safari ya kazi haileti maendeleo kwa nguvu zake yenyewe, wala haiyazuii. Huleta fedha na watu, na mahali pa kuvitumia hutengenezwa na wale wanaopokea. Uturuki ilikosa vyama vilivyo hai vya kupokea fedha, na Ujerumani ilichelewa kupokea watu.

Maswali ya kujadiliwa na wanachama

1. Kwa nini vyama vingi vya vijiji vya Uturuki havikudumu?
2. Katika daftari la chama chenu, ni wanachama wangapi walio nje ya nchi, na ni nani anayewajibika kwa michango yao?
3. Kama fedha zitokazo nje zingekoma mwezi ujao, ni kazi gani za chama chenu zingesimama?