Paulo Alikuwa Mpangaji: Somo kwa Wenye Ploti na Wanaotamani Kuwa Nazo

Masomo: Matendo 28:30-31; Mithali 27:23-27; Luka 14:28-30; Yeremia 32:6-15
Mstari wa kukariri: Mithali 27:23

Wengi wetu tunajua safari za Paulo, lakini tunapita haraka pale mwisho wa Matendo ya Mitume. Mtume mkuu alimaliza miaka miwili Rumi akiwa katika nyumba ya kupanga. Alikuwa analipa kodi kama wewe unayelipia singo yako kule Makutano au Majengo. Na ndani ya nyumba hiyo Injili ilihubiriwa bila kuzuiliwa. Maana yake ni kwamba mahali fulani Rumi kulikuwa na mwenye nyumba ambaye hatujui jina lake, na mlango wake ulitumika na Mungu.

Leo nataka tuongee na wenye ploti, na wale wanaoweka pesa za miraa, kahawa, majani chai au mshahara wakitaka kujenga vyumba vya kupangisha. Nianze na aibu yangu.

Mwaka wa pili baada ya kumaliza vyumba vyetu kumi, mama mmoja alikuwa na deni la miezi miwili. Ijumaa jioni nikaenda nikaweka kufuli langu juu ya lake. Jumapili nikiongoza maombi nilimwona ameketi nyuma na watoto wawili. Walikuwa wamevaa nguo zile za Ijumaa, kwa sababu nguo zingine zote zilikuwa nyuma ya kufuli langu. Ombi lilinikwama kooni. Baada ya ibada nilienda nikafungua, nikaomba msamaha. Deni lile alilimaliza kidogo kidogo kwa miezi minne.

Lakini nilijiuliza, ni nini kilinifanya niwe mkali hivyo? Si ati nilimchukia. Nilikuwa na mkopo wa sako wa kulipa tarehe tano, na nilikuwa nimeupigia hesabu kama kwamba vyumba vyote kumi vitalipa kila mwezi bila kukosa. Chumba kimoja kikikosa, mimi nazama. Wapendwa, biashara iliyopangwa vibaya humfanya mtu wa Mungu kuwa katili. Kwa hivyo mpangilio wa ploti ni jambo la kiroho.

1. Jua hali ya kundi lako

Mithali 27 inamwambia mfugaji ajue hali ya kila mnyama wake, kwa maana mali haidumu milele. Kundi lako ni vyumba. Tuchukue mfano. Una vyumba kumi vya shilingi 3,500. Kwa mdomo tunasema, "Ploti yangu inaniletea 35,000." Sasa tupige hesabu ya kweli.

Usihesabu vyumba kumi. Hesabu vinane, kwa sababu daima kuna anayehama na anayechelewa. Hiyo ni 28,000. Ushuru wa serikali, 2,100. Maji, taka, taa za nje na keateka, tuseme 5,000. Akiba ya ukarabati, sehemu moja ya kumi, 2,800. Zinabaki 18,100. Hiyo ndiyo faida. Ukitoa fungu la kumi, 1,810, unabaki na 16,290. Kama una mkopo wa kulipa 9,000 kwa mwezi, kinachofika nyumbani ni 7,290.

Kutoka 35,000 hadi 7,290! Sasa unaona kwa nini mtu anaitwa tajiri sokoni Gakoromone na nyumbani karo ya shule imemshinda. Akiba ile ya ukarabati usiidharau. Shimo la choo litajaa, mabati yatavuja mvua za Aprili, na rangi itaisha. Asiyeweka akiba hukopa kila pampu ikiharibika.

2. Mfuko wa ploti si mfuko wa suruali

Fungua akaunti ya ploti peke yake, hata kama ni vyumba vitatu. Kodi yote iingie huko, kwa benki au kwa simu, na kila anayelipa aachiwe risiti. Usipokee 2,000 njiani ukitoka stejini ukazitumia kununua sukari na mafuta, halafu mwisho wa mwezi ubishane na mpangaji kama alilipa au la. Jilipe kiasi kimoja kila mwezi, na kinachobaki kikae.

Depositi nayo si mapato yako. Ni pesa ya mwenzako uliyoiweka. Akihama bila kuharibu kitu, mrudishie. Wengi wetu tumeila kabla mpangaji hajapanga hata vyombo, halafu siku ya kuhama tunatafuta msumari ukutani ili tuseme ameharibu nyumba. Huo ni wizi, hata ukiwa mzee wa kanisa.

Na ushuru? Yesu alijibu swali hilo kuhusu Kaisari. Kwa nyumba za kuishi, mtu anayepokea kodi ya kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hulipa KRA asilimia 7.5 ya kodi yote aliyokusanya, kabla ya kutoa gharama. Kiwango hicho kilianza Januari 2024. Awali kilikuwa asilimia 10. Hulipwa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. 288,000 kwa mwaka ni 24,000 kwa mwezi, kwa hivyo vyumba kumi vya hapa kwetu tayari viko ndani. Maduka ya kupangisha hayamo katika mpango huo. Mapato yake hutozwa ushuru wa kawaida wa mapato.

3. Chungu cha Yeremia

Yeremia alinunua shamba la binamu yake kule Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Alikuwa amefungwa, na adui amezunguka mji. Hata hivyo aliandika hati, akaitia muhuri, akaita mashahidi, akapima fedha, kisha hati zikawekwa ndani ya chungu zidumu. Nabii aliyesikia sauti ya Mungu moja kwa moja bado alitaka maandishi. Wewe unanunua ploti kwa neno la broka kwa sababu "ni ndugu katika Bwana"?

Fanya upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi uone jina la mwenyewe na kama kuna mkopo juu ya hati. Kama ni ardhi ya kilimo, ni lazima kibali cha bodi ya ardhi. Kabla ya kuchimba msingi, ramani ipitishwe na kaunti. Kumbukumbu la Torati 22:8 inaagiza mtu ajengaye aweke ukingo juu ya dari, mtu asianguke, damu isije juu ya nyumba yake. Ukijenga ghorofa bila ukingo wa ngazi, au chumba kisicho na dirisha la hewa mahali watu huwasha jiko la makaa wakati wa baridi ya Julai, mstari huo unakuhusu.

Mpangaji naye mwandikie mkataba wa ukurasa mmoja: kiasi, tarehe ya kulipa, depositi, nani analipa maji na stima, na notisi ya kuhama. Soma naye, mweke sahihi wote wawili.

4. Mpangaji ni jirani yako

Lile kufuli nililoweka halikuwa dhambi tu, lilikuwa pia kinyume cha sheria. Kumtoa mtu kwa nguvu kunahitaji amri ya mahakama au baraza la kodi linalohusika. Kwa nyumba za kuishi za kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi, kuna sheria maalum inayozuia hata kupandisha kodi kiholela. Na kwa duka lisilo na mkataba wa maandishi, notisi ya kumwondoa mpangaji ni angalau miezi miwili, naye ana haki ya kwenda barazani.

Si kwamba deni lisidaiwe. La! Anayekaa bila kulipa na huku ana uwezo, anamwibia mwenye nyumba. Wapangaji, mnasikia? Dai mapema, wiki ya kwanza, kwa heshima. Kaeni chini mwandike mpango wa kulipa. Ukishindwa, tumia njia ya sheria. Lakini using'oe mlango wa mtu.

5. Kukua pole pole

Luka 14 inamtaja mtu aliyeanza mnara akashindwa kuumaliza. Ukipita barabara ya Embu kwenda Meru utaona nguzo zenye vyuma vilivyoshika kutu. Kila moja ni hesabu ambayo haikupigwa.

Kwanza, jaza vyumba ulivyo navyo kabla ya kuongeza. Mara nyingi tangi la maji, taa nje na choo kisafi huleta wapangaji kuliko vyumba vipya. Pili, jenga vyumba viwili au vitatu kwa awamu, awamu moja isaidie nyingine. Tatu, sako nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako, lakini unachoruhusiwa kukopa si unachoweza kulipa. Jiulize, vyumba vitatu kati ya kumi vikikaa vitupu, bado nitalipa? Kumbuka pia wadhamini wako wako kanisani humu. Ukishindwa, ni akiba yao inayokatwa.

Nne, usiweke mayai yote kwa kikapu cha wanafunzi. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, waliojenga karibu na vyuo, iwe ni Nchiru au Embu, walibaki na vyumba vitupu huku mikopo inaendelea. Na hata mwaka wa kawaida kuna likizo ndefu. Changanya: wanafunzi, wafanyakazi, familia.

6. Jina la nani liko kwa hati?

Ploti nyingi hazifi kwa kukosa wapangaji. Hufa siku ya mazishi. Mzee anaondoka, mama hajui akaunti, watoto wanagawanya vyumba kwa kelele, keateka anakusanya kodi zake.

Mume na mke mkiandikisha ardhi kwa umiliki wa pamoja, mmoja akitangulia, sehemu yake humwendea aliyebaki bila kesi ya urithi. Ndugu au marafiki wakinunua pamoja, kila mmoja aandikwe hisa yake. Andika wosia. Na mabinti usiwasahau. Binti za Selofehadi walidai urithi wao katika Hesabu 27, na Bwana akasema wamenena haki. Baba, wiki hii mwonyeshe mama lile daftari.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ukihesabu vyumba vinane badala ya kumi, ploti yako inakuachia ngapi?
2. Je, kuna depositi ya mtu uliyoila? Utairudisha lini?
3. Wapangaji: mwenye nyumba wako akitoa ushuhuda kukuhusu, atasema nini?
4. Ukiitwa na Bwana leo usiku, nani anajua hati iko wapi?

Ombi

Bwana, wewe ndiwe mjenzi wa nyumba. Tusamehe makufuli tuliyoweka kwa hasira. Tupe akili ya kuhesabu, mkono safi wa kupokea, na milango ambayo mtumishi wako anaweza kuingia akapumzika. Katika jina la Yesu, Amina.