JKT: Kijana Atoke na Cheti Mkononi

Wanajumuiya, JKT ilianzishwa 1963, ikasitisha kuchukua vijana kwa mujibu wa sheria 1994, ikawarudisha 2013. Ila kasoro moja bado ipo. Mwaka 2021 vijana 854 wa kujitolea waliachishwa baada ya kugoma wakidai ajira jeshini, baadaye wakasamehewa. Jamani, jeshi haliwezi kuajiri wote!

Hapa Durban mhandisi mhitimu anaandika kila kazi aliyoifanya, msimamizi anasaini, ndipo anaomba usajili. JKT nayo ifanye hivyo: kijana apewe daftari, akijenga ukuta au kuchomelea geti, fundi mkuu asaini. Mwisho VETA, ambayo tayari inawapima mafundi waliojifunzia kazini, impime, impe cheti. Jeshi likimkosa, mkandarasi atamchukua.

Wakenya, NYS yenu ya tangu 1964 inafanyaje? Tuandikieni.