"Lakini" na "Bali": Asili na Matumizi ya Viunganishi Viwili Vinavyochanganywa

Wareno, waliopoteza Ngome ya Yesu mjini Mombasa mwaka 1698, walikiachia Kiswahili nomino kama vile meza, leso na gereza. Viunganishi vyao havikupokelewa. Kiunganishi chao cha kawaida, mas, kilichotokana na neno la Kilatini magis lenye maana ya "zaidi", hakikuingia. Katika uwanja huo Kiswahili kilikopa kutoka Kiarabu: lakini na bali.

Mas hufanya kazi mbili, yaani kuonyesha kinyume na kusahihisha. Kiswahili kimezigawa kazi hizo. Lakini huwekea mpaka kauli iliyotangulia bila kuifuta. Bali hutanguliwa na ukanushi, kisha huweka ukweli mahali pa kilichokanushwa.

Mgawanyo huu huwatatiza wanafunzi wengi. Mfano mzuri ni Ahero, mji ulio kando ya Mto Nyando katika Kaunti ya Kisumu, unaosifika kwa mashamba ya mpunga. Lugha ya kwanza ya wenyeji wengi huko ni Kijaluo, ambacho kiunganishi chake to huweza kubeba kazi zote mbili, kama mas. Si ajabu basi mwanafunzi kuandika: *Huu si mchele lakini mpunga. Usahihi ni: Huu si mchele bali ni mpunga. Wengine, kwa kutaka kuipamba insha, hukosea upande wa pili: *Alilima sana bali hakuvuna. Hapa hapana kilichokanushwa kwanza, hivyo lakini ndicho kinachofaa.

Kosa hili si la mtindo tu. Chukulia katibu wa mkutano anayeandika kumbukumbu kuhusu ada ya maji ya mashamba:

(a) Wakulima hawakukataa kulipa, lakini walichelewa.
(b) Wakulima hawakukataa kulipa, bali walichelewa.

Sentensi (a) inawaondolea wakulima lawama moja na kuwatwika nyingine. Sentensi (b) inasahihisha shtaka lenyewe: kilichodhaniwa kuwa ni kukataa kilikuwa kuchelewa. Atakayesoma kumbukumbu hizo baadaye atawahukumu wakulima kwa neno moja.

Kwa hiyo, mwalimu asitosheke na kuorodhesha viunganishi ubaoni. Awape wanafunzi jozi za sentensi kama hizi, awaulize: je, kauli ya kwanza imewekewa mpaka au imesahihishwa? Kuchanganya viunganishi hivi si dalili ya uvivu wa mwanafunzi, bali ni alama ya lugha yake ya kwanza, na ufundishaji uanzie hapo.