Kabla Hujabeba Godoro Kwenda Internati: Vidokezo kwa Vijana wa Murara

Kijana anafunga godoro kwa kamba, motari analipakia nyuma, mama anasimama mlangoni akiuliza kama sabuni imewekwa. Safari ya internati ya ufundi imeanza. Swali ambalo familia nzima imelijadili kwa wiki kadhaa ni ada. Yapo mengine mawili ambayo hayakuulizwa: ufundi huu utamlisha wapi, na huko anakokwenda atalala salama? Kwa mtu wa Goma maswali haya mawili ni kama moja, maana mji wetu umekimbiwa na wenyeji wake zaidi ya mara moja, kwa volkano na kwa vita. Ufundi usioweza kukimbia nawe ni nusu ya ufundi.

1. Tembea kwanza, jiandikishe baadaye

Chukua nusu siku. Toka nyumbani Murara, pita Birere, kisha panda hadi soko la Virunga. Hesabu mafundi cherehani. Utachoka kabla hawajaisha. Sasa hesabu wanaoweza kufungua inverta ya sola iliyokufa na kuifufua. Hapo vidole vya mkono mmoja vinatosha.

Sisemi ushonaji ni kazi mbaya. Sare za shule na nguo za harusi hazitaisha leo. Ila ukiingia mtaa wenye vyerehani thelathini, lazima ujue jambo moja wasilolijua wale thelathini: kukata suti ya mwanamume, kutengeneza mashine yenyewe inapoharibika, kitu kama hicho.

Angalia pia mji unaelekea wapi. Mtambo wa umeme wa maji wa Matebe, kule Rutshuru, ulizinduliwa mwaka 2015 ukiwa na uwezo wa megawati 13 hivi. Mwaka 2020 kampuni ya Nuru ikawasha hapa Goma mtambo wa jua wa megawati 1.3. Nyaya zikifika kichochoroni, kila nyumba inahitaji mtu wa kuziingiza ndani bila kuchoma mbao. Na hapo kuna jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za udongo havilisisitizi: waya wa ardhi. Kwenye udongo wenye unyevu unapigilia nondo ya shaba na kazi imekwisha. Kwenye jiwe kavu la lava umeme haupiti vizuri, kwa hiyo nondo moja iliyopigiliwa haraka haraka ni pambo tu. Mwombe mwalimu akufundishe kupima, na akuonyeshe namna ya kuirekebisha pale kipimo kinapokataa. Fundi anayelijua hilo hatagombania wateja na kila mtu mwenye koleo.

Useremala nao una hadithi yake. Lava ya Januari 2002 ilipopita katikati ya mji hadi ziwani, wengi walijenga upya kwa mbao juu ya jiwe lile lile, kwa kuwa nyumba ya mbao ni nafuu, na ikibidi inabomolewa na kuhamishwa. Seremala wa Goma hakosi kazi. Anakosa wanaolipa kwa wakati.

2. Pima ufundi wako kwa mfuko wa mgongoni

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya Nyiragongo kulipuka, gavana wa kijeshi aliamuru wakazi wa mitaa 10 kati ya 18 ya Goma waondoke. Murara ilikuwamo. Wengi walishika njia ya Sake, wengine wakavuka kwenda Gisenyi, na ruhusa ya kuanza kurudi haikutangazwa hadi tarehe 7 Juni. Jiulize: siku kama ile, kinyozi mwenye mashine yake mfukoni, fundi simu mwenye bisibisi zake na fundi umeme mwenye kipima umeme chake wangeweza kufanya kazi kesho yake huko walikolala? Ndiyo. Mwenye mashine kubwa ya kuchonga vyuma je? Anabaki na ufunguo wa mlango.

Hii haina maana uache kujifunza mashine kubwa, kwani ndizo zenye faida kubwa wakati wa utulivu. Jifunze na kitu kidogo cha pembeni kinachobebeka.

3. Waulize waliomaliza, usiwaulize wanaokupokea

Goma ina vituo vinavyojulikana. INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi iliyoundwa mwaka 1964, na Don Bosco Ngangi ya mapadre Wasalesiani ni majina ambayo kila mzazi ameyasikia. Viko na vidogo vingi, vingine vizuri, vingine ni kibao cha barabarani na benchi mbili. Popote unapokwenda, tafuta watu watatu waliomaliza miaka miwili iliyopita. Wanafanya nini leo? Walishika mashine kwa mikono yao saa ngapi kwa wiki? Umeme ulikuwepo? Breve yao imetiwa sahihi na nani, na mashirika yanaitambua? Majibu matatu ya namna hiyo yana thamani kuliko hotuba nzima ya siku ya kufungua mwaka.

4. Usiku wa kwanza, tafuta mlango wa pili

Machi 2001, kule Machakos nchini Kenya, bweni la shule ya Kyanguli liliteketea na wavulana 67 wakafa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Septemba 2024 nchini humo humo, bweni la Hillside Endarasha liliua watoto 21. Sisi tunajenga kwa mbao na tunapika kwa makala. Sioni kwa nini tujione tuko salama zaidi.

Basi kabla hujatandika kitanda, angalia: mlango wa pili uko wapi? Je, kufuli linafungwa kwa nje usiku, na nani ana ufunguo? Analala hapo hapo au anakwenda kwake? Kwenye bweni la wasichana swali hili ni gumu kidogo, maana kufuli hilo limewekwa kuzuia wanaume wasiingie. Jibu la heshima ni kwamba mlango ufungwe kwa ndani, na mama mlezi alale humo humo na ufunguo wake. Usikubali jibu lingine kwa kuona haya.

Mshumaa usiusimamishe juu ya sanduku la nguo. Simu usiichaji chini ya mto. Na jiko la makala, hata baridi ya Juni ikaze namna gani, lisiingie chumbani. Hewa yake ya sumu haina harufu. Inawapa watu usingizi wa kutoamka tena.

5. Kwenye karakana, chuma usichokijua si chako

Miwani ya jua ya sokoni haizuii mwanga wa kuchomelea. Macho yatauma usiku kama yametiwa mchanga, na ukizidi kurudia unaharibu kile unachotegemea kula nacho. Vaa kinyago chenye kioo cheusi, hata kama mwenzako anakucheka. Nywele ndefu zifungwe, kitenge kiachwe bwenini, pete ivuliwe.

Lakini la hatari kuliko yote Goma ya sasa ni vyuma chakavu. Mapigano ya Januari 2025 yaliacha ndani na pembezoni mwa mji mabomu ambayo hayakulipuka. Mtoto anaokota kipande, anakiuza kwa kilo, mnunuzi anakileta kwenye karakana ili kikatwe. Ukiona kitu cha duara chenye mabawa, chenye kifuniko cha kuzungusha, au chuma kizito usichoelewa kilitoka wapi, usikiguse wala usikirushe pembeni. Ondoa watu, weka alama, mwite mkubwa wa kituo awajulishe wanaotegua mabomu. Mteja akikasirika, akasirike.

6. Mazuku haichagui fundi

Wewe wa Murara huenda umeisikia tu kwa jina. Ila staji itakupeleka upande wa magharibi, karibu na ziwa, na huko iko. Ni gesi ya kaboni inayopanda kutoka ardhini. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, inajikusanya mabondeni, kwenye mashimo na vyumba vya chini, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Mbuzi aliyekufa bila jeraha shimoni ni onyo la kutosha. Fundi mwashi anayechimba msingi au choo asishuke asubuhi kabla ya kuwauliza majirani, wala asishuke peke yake. Na mwenzako akianguka humo, usimfuate kwa pupa: mtupie kamba, ita watu. Anayekimbilia kuokoa bila kufikiri mara nyingi anakuwa maiti ya pili.

7. Volkano haingojei mtihani

Kituo cha uchunguzi wa volkano, OVG, kinatangaza hali yake kwa rangi nne: kijani, manjano, chungwa, nyekundu. Ijue ya leo kama unavyojua matokeo ya mpira. Lakini usiiamini kupita kiasi. Mwaka 2021 lava ilitoka Jumamosi jioni ya tarehe 22 Mei bila watu kuonywa kwanza.

Weka begi dogo karibu na kitanda: kadi ya mpiga kura, nakala za breve na daftari la maksi, namba za simu zilizoandikwa kwenye karatasi (simu huzima), tochi, vifaa vyako vidogo. Piga picha za vyeti vyote na uzitume kwa ndugu aliye nje ya mji. Elewaneni na nyumbani mahali pa kukutana, ili mama asipande kukutafuta Ngangi wakati wewe unashuka kumtafuta Murara.

Tena, ukiona mafuta yamemwagika au kituo cha petroli kimeachwa wazi, kaa mbali. Mwaka 2002 makumi ya watu walikufa kwa sababu walikwenda kuchota mafuta kwenye kituo kilichozungukwa na lava yenye moto. Lava haikuwakuta njiani. Wao ndio walioifuata.

8. Maji

Kipindupindu kinaijua Goma vizuri. Kunywa maji yaliyotiwa dawa au kuchemshwa, nawa mikono, chota kwa kikombe chenye mpini. Basi.

9. Hakuna maksi zinazotolewa usiku

Dada yangu, na wewe mdogo wangu wa kiume pia: mwalimu au mlinzi anayekuita peke yako baada ya giza, akikuahidi maksi, staji au kitanda kizuri, anavunja sheria. Sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 2006 kuhusu ukatili wa kingono inataja pia unyanyasaji wa mtu aliye na mamlaka juu yako. Kabla ya kulala internati, chagua mtu mzima mmoja wa nje ya kituo, shangazi, mchungaji, jirani, ambaye unaweza kumpigia saa yoyote na asianze kwa kukugombeza.

Kukitokea shambulio, fika hospitali kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi inafanya kazi ndani ya muda huo tu. HEAL Africa hapa mjini imezoea kuwapokea waliopatwa na hayo. Matibabu hayangojei polisi, hayangojei kikao cha familia.

Kituo ambacho mkubwa wake anakujibu "hapa kwetu mambo hayo hayapo" ndicho cha kwanza kukitilia shaka. Anayejua kazi yake atakuambia jina la anayepokea malalamiko na mahali anapokaa.

10. Ukipewa vifaa, usiviuze

Vituo vingi humpa anayemaliza sanduku la vifaa. Wiki mbili baadaye sanduku liko sokoni kwa nusu ya bei, na fundi amerudi kukaa kwenye kibaraza. Njaa ni kweli, sikatai. Dawa yake ni kuanza mapema: watatu au wanne wa darasa moja waunde likelemba tangu mwezi wa kwanza, kidogo kidogo, wakitoka wakodi chumba kimoja na waunganishe vifaa. Benki za Goma zilipofunga milango mwishoni mwa Januari 2025, waliokuwa na akiba ndogo kwenye simu na kwenye kikundi walipumua kuliko waliokuwa na kitabu cha benki. Namba ya siri ya simu, hata hivyo, usimpe mtu, hata yule mnayegawana naye kitanda cha juu na chini.

11. Staji iwe kazi, isiwe kufagia

Kabla hujaanza, pata karatasi yenye tarehe, jina la msimamizi na orodha ya mambo utakayojifunza. Jizoeze kuandika makadirio ya bei kwa Kifaransa safi, maana mashirika hayamwiti fundi anayetaja bei kwa mdomo. Tunza picha za kila kazi uliyoimaliza.

Na wewe papa mwenye karakana pale Birere au Murara, unayesoma huku kijana wa staji anakuletea chai: mpe mashine aishike leo, umtafutie miwani ya kazi, na mwisho wa siku umpe nauli ya kurudi internati kabla jua halijazama.